Karai ya Mtu Aliye Hai

Hapana mama, usiniambie ati kitu kikikaa barabarani hakina mwenyewe. Hata mimi nakaa hapo barabarani kila jioni nikingojea basi ilete barua ya college, na bado nina wenyewe.

Mama amecheka kidogo, halafu amekasirika kwa sababu amecheka. "Wewe shule ilikufundisha mdomo tu," amesema. "Vitu vilitolewa nje, vikaombewa, watu wote wakachukua. Mimi nilichukua kimoja. Sasa rudisha hiyo karai, halafu jioni uwapikie dada zako maneno."

Nimetoka na daftari yangu. Niko hapa nyuma ya ploti, juu ya jiwe la kufulia, saa tisa mchana, maana ndani siwezi kuandika mama akinitazama vile ananitazama. Nataka kuandika yote jinsi yalivyofanyika, na mimi mwenyewe nikiwa ndani. Nikiandika ya wengine peke yao nitakuwa nimeongeza uongo, na uongo kwa hii ploti umeshatosha.

Tunakaa Emali, kwa ploti ya vyumba vinane inayotazama barabara ya Mombasa. Chumba chetu ni cha mwisho: mama, mimi na dada zangu wawili wadogo. Baba alienda Mombasa kutafuta kazi ya bandari na hatujasikia kitu. Mimi nimemaliza Form Four mwaka jana, nangojea college ya ualimu. Chumba cha kwanza, hapo karibu na geti, alikuwa anakaa mama mmoja ambaye alikuwa anakaangia madereva wa malori mandazi. Hakuwa na mtoto hapa, hakuwa na mzee, na kwa kanisa letu hakuwa anakuja. Watu walisema kwao ni upande wa Kitui, lakini hakuna mtu aliwahi kumuuliza Kitui gani.

Alikuwa na sauti. Ukiwa chumba cha nane unasikia vile anajibizana na madereva.

"Siste, hii mandazi umeweka unga ama umeweka hewa?"

"Nimeweka hewa ya Emali. Ukitaka ya unga, mwambie bibi yako aamke."

Wanacheka, wanakula, wanaenda. Karai yake ilikuwa kubwa, pana kama beseni ya kuogesha mtoto, nje nyeusi kabisa, ndani inang'aa. Mkono mmoja ulikuwa umechomelewa upya na fundi wa pale stesheni. Hakuna karai nyingine kama hiyo hapa.

Huu ndio mwaka wa mahindi ya njano. Mvua imekataa mara mbili, shamba letu huko Mbumbuni halikutoa hata gunzi, na kila mtu anapanga laini kwa chifu apate hayo mahindi ya msaada yenye harufu ya gunia. Mwezi wa tano yule mama alianza kukohoa. Alikohoa akikaanga, akakohoa akiwa amekaa, halafu siku moja hakuweza kuamka akaange. Dereva mmoja ambaye alikuwa mteja wake ndiye alimbeba akamweka ndani ya lori, ampeleke hospitali huko Makindu. Kabla ya kubebwa, yule mama alifunga mlango wake mwenyewe, akaweka kifunguo ndani ya nguo, akamwambia mama yangu, "Mama, niangalizie mlango."

"Enda salama," mama akamwambia. "Mlango utaenda wapi?"

Makindu si mbali. Ukipanda basi hapa ukianza kusinzia, unaamshwa umefika. Na hakuna mtu alienda kumwona. Sisi watu wa hapa hatuendi kwa mgonjwa mikono mitupu, ni aibu kubwa, lazima ubebe hata uji kwa chupa, hata ndizi mbili. Na mwaka huu mikono yote ni mitupu. Kwa hivyo kila mtu alingoja apate kitu ya kubeba. Wiki ya kwanza tuliulizana, "Umesikia anaendeleaje?" Wiki ya tatu hatukuulizana tena. Wiki ya tano mwenye ploti akaja na chuma cha kuvunjia kufuli.

Mwenye ploti ni mzee wa kanisa letu. Alikuwa amepata mpangaji mwingine, familia ya kutoka Murang'a iliyotaka kufungua duka la misumari na mafuta ya taa, na chumba cha karibu na geti ndicho kilifaa. Alivunja kufuli, akatoa vitu vyote mwenyewe, akavipanga nje ya geti, hapo kati ya mtaro na lami. Alikuwa hana gunia la kufungia vyombo. Akavua kitambaa cha godoro, akafungia vyombo ndani, na godoro akaliegemeza kwa ua likiwa uchi.

Kosa letu lilianzia kwa hilo godoro. Yule mzee mlinzi wa reli alipokufa kwa chumba cha tano, vijana wake walivua godoro lake kitambaa, wakaliegemeza kwa ua, na jioni wakalichoma. Mtoto wa fundi viatu alipokufa, ilikuwa hivyo hivyo. Kwa hii ploti godoro lililovuliwa na kuegemezwa kwa ua lina maana moja tu. Mimi mwenyewe nilitoka na ndoo ya maji machafu, nikaliona, nikaitua ndoo.

"Aiya!" Huyo ni mama wa chumba cha tatu, kiongozi wa kikundi cha wamama kanisani. Alikuwa amesimama ameshika kiuno. "Ameenda."

"Nani amesema?" jirani yake akauliza.

"Kwani wewe huoni godoro?"

Walimtazama mwenye ploti. Yeye hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema tu, "Chumba inatakikana. Vitu zisirudi ndani." Akaweka kufuli mpya, akapanda baiskeli yake akaenda. Na hakuna mtu alimkimbilia amuulize. Swali lilikuwa moja tu, maneno matatu tu, na sisi wote tuna midomo. Nimefikiria sana kwa nini hatukuuliza. Nafikiri tulijua akisema yuko hai, itabidi tubebe vile vitu vyote turudishe ndani ya geti na kuvilinda, na hakuna mtu alitaka hiyo kazi. Akiwa amekufa ilikuwa rahisi.

Watu wakaanza kukusanyika, wa ploti na wa njiani. Ilikuwa siku ya soko la ng'ombe, kwa hivyo walikuwa wengi. Walisimama mbali kidogo wakiangalia vitu kwa macho ya kando, vile mtu anaangalia chakula cha wageni. Sufuria tatu. Jiko. Blanketi la kijivu. Viti viwili vya mbao. Sahani za enameli. Sweta la kijani. Raba. Kalenda ya zamani yenye picha ya mlima.

"Hatuwezi kugusa vitu vya marehemu bila maombi," mama wa chumba cha tatu akasema. Akanigeukia mimi. "Wewe umesoma. Leta Biblia utusomee zaburi."

Nikaenda mbio nikaleta. Nilisoma polepole kwa sauti ya mwalimu, na sitaficha, nilijisikia vizuri. Wanaume wa soko walivua kofia. Nilifikiria, hivi ndivyo nitakuwa nikisimama mbele ya darasa. Halafu wamama wakanyosha mikono juu ya zile sufuria na blanketi, mama wa chumba cha tatu akaomba, akamshukuru Mungu kwa maisha ya dada yetu, akaomba vitu hivi vitakaswe, visimletee mtu ugonjwa wala ndoto mbaya, viwe baraka kwa wenye shida.

Amina haikuisha. Nilisikia "Ami" na mikono ikaingia.

"Wacha blanketi! Mimi ndio nilianza!"

"Ulianza kulia ama ulianza kuvuta?"

"Hata kulia nililia!"

"Machozi iko wapi? Onyesha!"

Mama wa chumba cha tatu ndiye alipata blanketi, kwa sababu aliomba akiwa amelikanyaga. Mzee mmoja wa soko alibeba kiti kichwani akaondoka bila kuangalia nyuma, utafikiri alikuja nacho. Bibi mzee aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni aliutua, akachukua raba moja, akatafuta ya pili kila mahali, chini ya watu, ndani ya mtaro. Ya pili ilikuwa kwa mkono wa mtu mwingine, na kila mmoja alikataa kutoa yake. Mwishowe bibi akabeba kuni zake na raba yake moja. Kalenda ilikanyagwa ikararuka vipande. Haikuchukua muda. Maji ya chai yangekuwa hayajachemka.

Mimi nilichukua sweta la kijani. Ilikuwa mwezi wa saba na baridi ya asubuhi hapa inauma mifupa. Nililiokota nikiwa bado nimeshika Biblia.

Mama yangu alifika mwisho. Alitoka kwa laini ya chifu bila kitu, mahindi yaliisha watu kumi mbele yake. Alikuta vijana wanaburuta godoro kwenda kulichoma, na godoro lilipotoka hapo, karai ikaonekana. Ilikuwa imelala kifudifudi nyuma yake. Mama aliiinua, akaipangusa na leso.

"Hii nayo ni ya nani?"

"Chukua, mama," wakamwambia. "Mungu amekuwekea."

Waliwasha godoro hapo kando ya mtaro. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, ukavuka barabara. Lori moja likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa. "Na mama yetu wa mandazi yuko wapi siku hizi?" Mama mmoja akanyosha kidole juu. Dereva akavua kofia, halafu akaweka gia akaenda.

Saa tisa wale wa Murang'a wakafika na misumari yao. Bibi ya mwenye duka alishuka, akasalimia kila mtu kwa mkono, akaambiwa habari. "Poleni sana," akasema. "Alizikwa wapi?"

Tukageukia majivu ya godoro.

"Kwao," mtu akasema.

"Kwao ni wapi?"

"Huko Kitui."

"Na alikufa siku gani?"

Mama wa chumba cha tatu akamwambia, "Dada, usiogope. Tumeombea."

"Mimi siogopi," yule mama akasema. "Nauliza."

Hapo ndipo nilijua. Sitasema nilijua yuko hai, lakini nilijua kwamba hatujui. Mtu hafi bila siku. Nilisimama hapo na sweta lake mwilini mwangu, lina joto, lina harufu ya mafuta ya kukaanga, na nikanyamaza kama wengine.

Wiki iliyofuata mama alikopa unga na mafuta, akasimamisha karai pale pale madereva walipozoea. Siku ya kwanza mandazi yalitoka magumu.

"Mama, hii nitaweka chini ya gurudumu lori isirudi nyuma," dereva mmoja alimwambia.

"Ulikula jana?" mama akamuuliza.

"Sikula."

"Basi kula unyamaze."

Wiki ya pili yalikuwa yameanza kuinuka vizuri. Ya tatu, dada zangu waliacha kulala mchana. Naandika hiyo kwa sababu ni kweli. Kabla ya karai walikuwa wakilala mchana kutwa, hawachezi, na mdogo alikuwa ameanza kuwa na nywele nyekundu nyekundu za njaa. Sasa wakaanza kugombana tena na kuruka kamba. Mtu akitaka kunihukumu au kumhukumu mama aanze hapo.

Halafu yule mama akarudi.

Nilikuwa nafagia mbele ya geti asubuhi. Basi lilisimama upande ule mwingine, mtu akashuka, akavuka polepole akiwa ameshika nyuzi za mfuko mmoja wa plastiki. Amekonda, kitambaa cha kichwa kimemzidi. Hakuniona. Alienda moja kwa moja kwa mlango wake, akatoa kifunguo ndani ya nguo, akakiingiza kwa kufuli. Kikakataa. Akakigeuza upande mwingine. Kikakataa. Yule mama wa Murang'a akatokea upande wa duka.

"Karibu mama. Unataka misumari?"

"Nataka nyumba yangu."

Milango ikafunguka. Mama wa chumba cha tatu alitoka na mwiko mkononi, akapiga kelele "Yesu!" akarudi ndani, tukasikia komeo. Watoto wakakimbia nyuma ya ploti. Yeye akacheka, ile ile sauti yake, ingawa sasa ilikuwa na upepo ndani.

"Kwani mmeona nini? Ni mimi."

Hakuna mtu alicheka naye. Aliangalia huku na huku, akaona ile alama nyeusi kando ya mtaro, nyasi zimeungua na nyuzi za godoro zimebaki. "Mnachomea nini hapa?"

Dada yangu mdogo, ambaye hakuwa amekimbia, akamjibu vizuri kabisa, "Godoro lako."

Akakaa chini. Hakulia. Alikaa tu hapo kwa saruji ya mlango ambao si wake tena. Yule mama wa Murang'a alimletea kiti na chai, na ni yeye mgeni alimwambia yote. "Walisema umekufa. Mimi niliuliza mahali umezikwa."

"Na wakakuambia wapi?"

"Kitui."

"Kitui ni kubwa," akasema, akanywa chai.

Alipomaliza alianza kupiga hodi. Chumba cha pili: "Siku hiyo nilikuwa nyumbani Mbumbuni." Alikuwa hapa, nilimwona na sufuria mbili. Chumba cha tatu hakikufunguliwa. Cha nne: "Ni watu wa soko walichukua. Watu wabaya sana." Cha tano: "Uliza mwenye ploti, si yeye alitoa?" Hiyo ilikuwa kweli, na alienda baadaye kumuuliza, na mwenye ploti alimwambia yeye hakuchukua hata kijiko, alitoa tu nje. Hiyo pia ilikuwa kweli. Kila mtu alikuwa na kipande kimoja cha ukweli cha kujificha nyuma yake.

Tulimsikia akikaribia. Mama alikuwa na mafuta motoni ndani ya chumba, kwa sababu nje kulikuwa na upepo. Aliitoa karai kwa jiko ikiwa ya moto, akaisukuma chini ya kitanda, akavuta shuka ikafika chini. Unga ulikuwa umekandwa juu ya meza, umefunikwa na kitambaa. Mimi nilivua sweta nikalikalia.

"Hodi."

"Karibu," mama akasema. "Umepona?"

"Nimepona. Wewe ndiye nilikuachia mlango."

"Mlango ulifunguliwa na mwenye ploti. Mimi ningemwambia nini?"

"Sikulaumu, mama." Alisimama hapo mlangoni. Chumba chote kilikuwa kinanuka mafuta ya moto. "Umeona karai yangu?"

"Watu walikuwa wengi siku hiyo."

Aliangalia meza, akaangalia kitambaa, unga ulikuwa umekisukuma juu kama tumbo. Aliangalia mikono ya mama. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Huo unga usiuache sana. Utachacha." Akaenda.

Nilisikia shuka ikianza kunuka kuungua, nikaivuta.

Toka siku hiyo yule mama analala kwa baraza ya stoo ya mizigo pale stesheni. Mama wa Murang'a anampa chakula akiwa nacho. Mama yangu aliacha kukaangia barabarani, anakaangia hapa nyuma, na dada zangu wanatembeza mandazi kwa beseni wakizunguka upande ambao si wa stesheni. Hivyo ndivyo tumeishi siku nane, tukizunguka mtu mmoja.

Jana akaja tena. Hakupitia mbele, alikuja moja kwa moja hapa nyuma, mahali moshi unatoka. Mama alikuwa amemaliza, karai iko chini ya gunia. Mimi nilikuwa nafua kwa hili jiwe ninalokalia sasa.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nguvu ya kugombana sina. Wewe una watoto, naona. Kaanga asubuhi. Mchana nipatie mimi nikaange chapati, jioni nirudishe. Nikopeshe tu karai yangu."

Nikopeshe karai yangu. Nilishika nguo iliyolowa nikaikamua mpaka vidole vikauma, nikingojea mama aseme sawa. Ilikuwa rahisi hivyo. Alikuwa ametufanyia hesabu yote mwenyewe na kutupatia nusu ya kitu chake.

"Sina karai," mama akasema. Unga ulikuwa chini ya kucha zake.

Yule mama aliangalia gunia, akaangalia mimi. Aliniangalia mimi zaidi. Halafu akaondoka akishika ukuta.

Ndiyo maana leo tumegombana toka asubuhi. Nilimuuliza mama, yeye alitaka nini tena, apigiwe magoti?

"Nikitoa hiyo karai, ploti yote itajua nilikuwa nayo."

"Ploti yote inajua!"

"Inajua lakini haijaona. Nikitoa mimi, wao pia watatakiwa kutoa. Yule wa chumba cha tatu analalia blanketi la huyo mama. Ni nani anaandika majina ya mahindi ya kanisa? Si ni yeye? Wiki ijayo jina letu halitakuwepo."

"Basi tukose."

"Tukose!" Mama akapiga mikono. "Mwiitu, binti yangu, sikia wewe. Unasema tukose na umeshiba. Kuna watu wanachimba mitaro ya chifu huko mlimani, wanalipwa mahindi. Nilikuambia uende. Ulisema nini? Ati mtu wa Form Four hawezi kushika jembe na wamama, barua ya college itakuja imkute na matope. Mimi ndiye nakaanga na karai ya wizi ili wewe usishike jembe. Sasa wizi ni wa nani?"

Nimeandika kurasa zote hizi na bado jibu sina, kwa sababu anasema kweli.

Halafu mama akaketi, akasema kwa sauti ndogo, na hii ndiyo nafikiri ni ya ndani kabisa, "Tulichoma godoro la mtu hai. Wewe ulisoma zaburi. Nikimpa hiyo karai nitamtazama vipi usoni kila siku hapo barabarani? Afadhali aende tu. Aende kwao."

Na akienda, ataenda na nini? Kwao ni Kitui, na sasa nimekumbuka hata leo hakuna mtu amemuuliza Kitui gani. Huko pia mvua haikunyesha. Bila karai yeye ni mgonjwa tu aliyekaa kwa baraza ya stesheni. Akiwa nayo anaweza kukopa unga kama mama alivyokopa, na wale madereva watalipa kumwona tu amefufuka. Dada zangu pia bila karai watarudi kulala mchana. Sijidanganyi kwamba kuna njia ya kufanya wote wawili washibe kesho. Lakini mmoja wao karai ni yake.

Nimeamua hivi. Leo jua likiwa bado halijatua nitamwambia mama, kwa sababu nikiichukua akiwa hajui nitakuwa nimeichukua kama vile tuliichukua mara ya kwanza. Atanitukana, na pengine atalia, na anaweza kulala ameikumbatia. Nitamwambia twende wote, amuulize yule mama kama bado anataka ile habari ya kugawana asubuhi na mchana. Asipotaka kwenda nitaenda peke yangu.

Kesho asubuhi nitaisugua na majivu na mchanga mpaka ndani ing'ae. Nitaweka sweta la kijani ndani yake, nimelikunja. Sitapitia huku nyuma. Saa kumi na mbili wamama wote wa ploti wanakuwa kwa mfereji hapo mbele na ndoo zao, mama wa chumba cha tatu akiwa wa kwanza, na mimi nitapita katikati yao karai ikiwa kichwani. Wakiniuliza napeleka wapi karai ya mama yangu, nitawaambia si ya mama yangu, na nitawaambia napeleka kwa nani. Nikitoka stesheni nitaenda kwa chifu kuandikisha jina langu kwa mitaro. Wanaanza saa moja, na wanasema kila mtu aje na jembe lake, kwa hivyo lazima nipitie kwanza kwa yule mama wa Murang'a nimuombe aniazime moja.